Niko na Gesi: Safari Yangu ya Kupeleka Moto Katangi

Mimi si mtu wa safari. Majirani zangu wa Mlolongo wanalijua hilo kiasi kwamba wakiniona ng'ambo ya pili ya Barabara ya Mombasa huuliza kama kuna msiba. Duka langu liko chini, nyumba yangu iko juu yake, na katikati kuna ngazi ambayo mke wangu huiita "safari ya Baba Njeri". Nauza mitungi ya gesi, majiko yake na mipira yake. Kutwa nzima watu huchungulia mlangoni na kuuliza, "Uko na gesi?" nami hujibu, "Niko na gesi," hata kabla sijainua kichwa. Nawaomba mlikumbuke jibu hilo. Ndilo lililonivua nguo mbele ya watu wa heshima.

Sababu ya kuondoka nyumbani ilikuwa binti yangu. Kila likizo ya Agosti kanisa letu lilikuwa likiwapeleka watoto kambini huko Yatta, karibu na Katangi, kwenye shamba la mjane mmoja aitwaye Mama Ndunge. Watoto wa Mlolongo hukua kati ya vumbi la machimbo ya mawe na malori yanayosubiri mizani. Nyota wao huzisikia tu kwenye nyimbo. Huko Yatta walikuwa wakikaa juu ya mwamba mpana, wakiwasha moto, wakiimba hadi sauti zinakauka. Lakini mwaka uliotangulia, mwalimu aliyekuwa akiongoza kambi alimwapia Mama Ndunge kwamba moto umezimwa kabisa. Haukuwa umezimwa. Kaa moja lilibaki limejificha chini ya majivu, upepo wa mchana ukaliamsha, na nyasi alizozitunza mama kwa ajili ya ng'ombe wake zikateketea pamoja na ua wa zizi. Mwalimu alipoulizwa, akasema lazima ni vijana wachunga mbuzi. Mama Ndunge akafunga shamba na kutuma neno kanisani: moto wenu na maneno yenu, vyote viwili nimeshiba.

Njeri wangu alikuwa ndio kwanza amefikisha umri wa kwenda. Begi lake lilikaa kando ya kitanda likiwa limefungwa tangu shule zikiwa bado hazijafungwa. Aliposikia kambi haipo, alilia. Kisha akafanya jambo baya zaidi ya kulia: akanyamaza, akaanza kulifungua begi taratibu, soksi moja moja, huku mlango ukiwa wazi ili nione.

Jumapili iliyofuata, kwenye mkutano wa wazazi, nilijikuta nimesimama. Nikasema mimi nina moto usiotoroka. Siku za nyuma nilikuwa nimeona picha katika gazeti la ng'ambo lililoachwa dukani na dereva mmoja wa lori: Wazungu wameketi porini kuuzunguka moto ulio ndani ya bakuli la chuma, hakuna kuni, hakuna jivu, na pembeni kuna mtungi wa gesi kama huu wangu. Ukifungua koki, moto upo. Ukifunga, hakuna moto, na hakuna kaa la kujificha popote. Mama Ndunge akiuona, nikasema, atafungua shamba.

"Na nani ataupeleka kwake auone?" mzee wa kanisa akauliza.

"Ataupeleka yeye mwenyewe," mke wangu akasema kutoka nyuma.

Kanisa zima likacheka. Nami kwa hasira ya kile kicheko nikasema, ndiyo, nitaupeleka. Mzee wa kanisa akamtumia Mama Ndunge neno kwamba Ijumaa naja na moto wa aina nyingine.

Mlolongo, wiki hiyo yote, tulitengeneza moto. Nasema tulitengeneza, ingawa kazi yangu ilikuwa kushika taa na kutoa maoni. Fundi alikuwa Musyoka, jirani yangu wa kuchomelea vyuma, Mkamba wa huko huko Yatta. Alichukua rimu kuukuu ya lori, akaifunga chini, akaifanyia miguu mitatu. Ndani yake akaweka bomba lililokunjwa duara na kutobolewa matundu madogo madogo, akaliunganisha na mpira mrefu ili mtungi ukae mbali na joto. Juu ya bomba tukamwaga mawe madogo ya machimboni, ili moto uonekane unatoka kwenye kitu fulani na si hewani kama uchawi. Siku ya kwanza tuliyaweka yakiwa yameloa. Jiwe lenye maji ndani likipata moto halikuombi ruhusa: moja lilipasuka, likaruka na kuvunja kioo cha bafu la mke wangu. Baada ya hapo niliyaanika juani juu ya paa, na kila jirani aliyepita aliuliza kama tutayapika kwa nazi au kwa nyanya.

Ijumaa asubuhi tuliondoka na pikapu ya Musyoka, kwa sababu hakuna utingo anayekubali abiria mwenye mtungi wa gesi. Rimu na mfuko wa mawe tulivipakia nyuma, mtungi tukausimamisha na kuufunga kamba, vyote tukavifunika kwa magunia. Mke wangu alinipa shati jeupe la kanisani na mashauri.

"Baba Njeri, ukifika usiongee sana. Wewe ukiwa nje ya nyumba yako unaongea kama redio imeshikwa na mtoto."

"Mimi?"

"Salimia, kaa, kunywa chai, halafu ngoja uulizwe."

Njeri alisimama kwenye ngazi. Hakupunga mkono. Alikuwa ameshika soksi zake.

Athi River tuliipita mapema, viwanda vya saruji vikiwa vimeanza kupaka magari rangi yao. Nilikuwa nimewahi kufika hapo. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa kipya kwangu, jambo ambalo sikumwambia Musyoka, lakini alilijua, maana kila kona niliuliza kama tumepotea.

Machakos mjini tulinunua maji, mkate na kilo mbili za sukari za kumpelekea mwenyeji. Vile vilima vinavyouzunguka mji vilinishangaza. Nikasema kwa sauti kwamba sikujua kwamba Machakos kuna vilima. Muuza sukari akanitazama, akamtazama Musyoka, akauliza kwa upole, "Huyu umemtoa wapi?"

"Kwake nyumbani," Musyoka akasema. "Ni mara ya kwanza kutoka."

Baada ya Machakos, nchi ilianza kushuka na kukauka. Miembe ikabaki nyuma, ikaja migunga na mashamba ya mahindi yaliyokata tamaa. Tulivuka mto Athi, tukapanda upande wa pili, na vumbi likaingia hadi kwenye mkate. Shati langu jeupe likawa na rangi ya chai. Njiani kote nilikuwa nikifanya mazoezi ya hotuba yangu kimoyomoyo, na kila nilipofika penye neno "usalama" pikapu iliruka shimo, nikasahau nilipokuwa.

Katangi tulifika jua likiwa limelegea, tukapita sokoni na kufuata njia ya ng'ombe hadi kwa Mama Ndunge. Lango lake lilikuwa jembamba, pikapu haikuweza kuingia. Musyoka akateremsha rimu, mawe na mtungi nje ya ua, vikiwa bado ndani ya magunia, akasema yeye anaendelea kwao, mwendo mfupi mbele, na atanirudia kesho jioni.

"Hutanisaidia kuongea?"

"Mambo ya koki unayajua wewe. Mimi ni wa kuchomelea." Akaondoka.

Mama Ndunge alitoka nyumbani akiwa amejifunga leso mbili, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye macho yasiyo na haraka. Nyuma yake alikuja Mwikali, mke wa mwanawe, akiwa na mwiko mkononi. Mama alinitazama kuanzia viatu hadi kwenye kitambi changu, ambacho ni cha mtu asiyetembea, akatabasamu na kusema:

"Karibu, mutumia."

Hapo lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilivurugikiwa. Mimi kwetu ni Murang'a. Kwa Kikikuyu, mutumia ni mwanamke, tena mke wa mtu. Nimetoka nyumbani nikichekwa na kanisa zima kwamba mimi ni wa kukaa jikoni, nimefika ugenini, na neno la kwanza ninaloambiwa ni "karibu, mke wa mtu". Damu ikanipanda. Nikasahau chai, nikasahau kungoja kuulizwa. Nikatoa kifua mbele, nikaweka sauti nzito, nikasema kwa fahari ile ninayoitumia dukani:

"Asante, mama. Na usihangaike na mambo yoyote. Mimi niko na gesi."

Mwikali alitazama chini.

"Uko na gesi," Mama Ndunge akarudia polepole.

"Niko na gesi, mama."

"Pole, mwanangu. Iko mingi?"

Nilidhani anauliza kama itatosha kambi. "Iko ya kutosha! Hata watoto wote wa kanisa wakija, hawawezi kuimaliza."

"Ai!" Mwikali akasema, akafunika mdomo kwa mwiko.

"Na umekuwa nayo siku nyingi?"

"Miaka, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Na bibi yako anajua?"

"Anajua sana. Hata amenikataza kuiweka karibu na kitanda."

Mama Ndunge alinishika mkono kwa huruma ambayo sikuielewa, akaniongoza hadi kwenye kiti chenye mto, akaniambia nisiongee, nipumzike. Nilipojaribu kutaja moto wa kambi, alinizuia kwa kiganja. "Mgonjwa haulizwi mambo ya shamba." Nikashangaa ni mgonjwa gani. Nikadhani ni desturi ya huko, kwamba mgeni wa mbali huitwa mgonjwa hadi kesho yake. Mtu asiyesafiri huamini kila kitu ni desturi.

Jioni chakula kilitengwa. Kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe hadi yakalainika kama mtori wa ndizi, na harufu yake ilikuwa imenipigisha magoti tangu nilipokaa. Mwikali akapakua sahani ya mama, akapakua ya kwake, akapakua za watoto wake. Mimi nikawekewa kikombe cha bati.

"Kunywa yote kwa mara moja," Mama Ndunge akasema. "Usionje. Ukionja hutamaliza."

Nilionja. Ilikuwa mwarubaini uliochemshwa hadi ukawa mweusi, na ndani yake magadi. Ulimi wangu ulijikunja kama jani lililotupwa motoni.

"Na muthokoi, mama?" nikauliza nilipopata sauti.

"Maharagwe, mwanangu? Na hiyo gesi yako yote? Unataka upasuke kwangu?"

Basi ndipo taa ilipowaka kichwani mwangu. Nilihisi joto likipanda kutoka kwenye kola hadi masikioni. Nikarudia maneno yangu yote ya langoni, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Hata watoto wote wa kanisa wakija. Karibu na kitanda. Ndiyo kazi yangu.

Nilifungua mdomo nieleze. Naapa nilifungua. Lakini Mama Ndunge alikuwa ameanza kuongea, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nikwambie kitu. Nilikuwa nimeamua ukifika nikupe maji na nikuonyeshe njia. Yule mwalimu wenu alisimama hapo hapo ulipo, na suti, akaniangalia macho, akasema moto umekufa. Nyasi yangu ikaisha. Sasa wewe umekuja, hata hujakaa chini, hata hujui kama mimi ni mtu wa kucheka watu, ukasema ukweli wa tumbo lako mbele ya mke wa mwanangu. Mtu anayeweza kusema hiyo, atanidanganya juu ya nini?" Akaweka kiganja chake mezani. "Kesho nitauangalia huo moto wako. Naona nitakubali."

Nikafunga mdomo.

Ningesema wakati ule, pengine tungecheka yakaisha. Lakini nilimwona Njeri na soksi zake, na nikaona shamba limeshafunguka robo tatu, na nikajiambia kwamba sijasema uongo wowote. Ni yeye tu amenisikia vibaya. Nikainua kile kikombe nikakimaliza chote. Kisha, kwa kuwa walikuwa wakinitazama wote wakingoja, nikajilazimisha kutoa mbweu. Mama Ndunge akapiga makofi. Watoto wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi na watu wengi kiasi kile nikiwa sistahili kiasi kile.

Ya usiku nayaruka. Aliyewahi kunywa magadi anajua.

Asubuhi Mama Ndunge alinikuta nje nikiosha uso.

"Imetoka?"

"Imetoka, mama." Hapo angalau sikudanganya.

"Yote?"

"Nadhani yote."

"Usidhani. Mwikali, lete kikombe kingine."

Baada ya uji, na baada ya kile kikombe, tulikwenda mwambani. Mwikali na watoto walibeba mawe yangu, mimi nikabingirisha rimu, mtungi nikaubeba begani ukiwa bado ndani ya gunia. Njiani tulipita penye nyasi zilizoungua. Mwaka ulikuwa umekwisha, lakini ardhi ilikuwa bado na madoa, na nguzo za zizi zilikuwa nyeusi hadi kiunoni, zimezibwa kwa matawi ya miiba yaliyokusanywa na mtu aliyekuwa akifanya kazi hiyo peke yake. Mama Ndunge alipitisha mkono kwenye nguzo moja, akautazama, akajifuta kwenye leso. Mimi nikatamani ule mwarubaini uniue pale pale kabla hatujafika.

Mwambani niliipanga rimu, nikamwaga mawe, nikavuta mpira hadi mwisho wake na kuuweka mtungi mbali, nikauvua gunia. Nikapaka povu la sabuni pale mpira unapoungana na mtungi, maana gesi ikivuja povu hutoa mapovu makubwa.

"Unaosha ya nini?" Mwikali akauliza.

"Kuona kama gesi inatoka."

Maneno yakanitoka kama kawaida, kama niko dukani. Nilisikia nyuma yangu watoto wakirudi hatua mbili.

Kiberiti kwanza, koki baadaye. Hiyo ndiyo sheria. Nikawasha njiti, nikafungua koki. Ikasikika sauti ya pumzi ndefu, kisha moto ukasimama katikati ya mawe, bluu chini na njano juu, ukicheza na upepo, bila moshi, bila kuni. Ulikuwa mzuri. Nasema hivyo kwa kuwa ndicho kitu pekee kizuri nilichokifanya katika safari ile, na kilitengenezwa na Musyoka.

Mama Ndunge hakuutazama moto. Alikuwa akiutazama mtungi.

"Hii ni nini?"

"Ni gesi, mama."

"Ya kupika?"

"Ya kupika."

"Kama ya binti yangu Ndunge, huko Athi River, kwa nyumba yake?"

"Kama hiyo."

Akazunguka ule mtungi polepole, akarudi, akasimama mbele yangu. Mwikali alikuwa ameshika tumbo, mabega yakimtetemeka, machozi yakimtoka.

"Na ile ingine? Ya tumbo?"

Kulikuwa na njia rahisi. Ningeweza kusema, "Hata hiyo iko, mama, niko nazo mbili." Jibu lilinijia limekamilika, tena la kuchekesha. Lakini upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa zile nguzo.

"Haikuwako, mama. Tumbo langu ni zima. Nilikuwa nazungumza juu ya mtungi."

"Na dawa ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Na ulijua?"

"Nilijua ulipotaja maharagwe."

"Na ukabweua."

"Nikabweua, mama."

"Tulikupigia makofi," mtoto mmoja akasema kwa uchungu, kama aliyeibiwa.

Nilitazama viatu vyangu. Nikasema kwamba alipoanza kunisifu kwa ukweli, nilimwogopa. Niliogopa nikieleza ataona mimi ni yule yule mwalimu na nitarudi kwa binti yangu mikono mitupu. Nikamwomba msamaha. Sikuwa na sauti nzito tena. Ilitoka ile ya kawaida, ya mtu wa ngazini.

Mama Ndunge akasema, "Zima."

Nikafunga koki. Moto ukatoweka kama haukuwahi kuwako. Nikainama kuanza kukusanya vitu vyangu, maana nilijua jibu.

"Acha hivyo," akasema.

Akavuta jiwe, akaketi kando ya rimu. Akaweka kiganja juu ya yale mawe, si kwa kuyagusa, bali karibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mwikali akarudi nyumbani kupika. Watoto wakachoka wakaenda kucheza. Mama alibaki pale pale, na mimi nikabaki nimesimama upande wa pili, sijui kama nimefukuzwa au nimekaribishwa. Kila baada ya muda aliweka kiganja tena. Jua lilipita kichwani, upepo wa mchana ukaja, ule ule ulioliamsha lile kaa la mwaka jana, ukapita juu ya mawe na kupuliza kila tundu. Hakuna kilichoamka. Mwisho akaokota jiwe moja, akalibana kwenye shavu lake. Lilikuwa baridi.

"Umekufa kweli," akasema, kwa sauti ya chini, si kwangu.

Kisha akanigeukia. "Watoto waje. Lakini wawashe huu, na kuni zangu zisiguswe. Na ulete wewe, si mtu mwingine."

"Mimi, mama? Baada ya hayo yote?"

"Wewe uongo wako nimeshaujua. Unaiva masikio, halafu unakunywa dawa ya bure kuulinda, halafu asubuhi unautapika mwenyewe. Wa mtu mwingine sijaujua, na sina nyasi ya kujifunzia."

Akainuka, akajikung'uta, akatembea hatua chache. Ndipo nikaona mgongo wake umeanza kutetemeka. Alisimama, akashika magoti, akacheka hadi leso ikamfunguka.

"Vikombe viwili!" akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa mgonjwa kweli, na hakuwahi kumaliza hata kimoja!"

Mchana huo nililishwa muthokoi wenye maharagwe, sahani ikijaa kila nilipoipunguza. Mwikali akaniletea hindi bichi, tukajaribu kulichoma juu ya moto wangu. Lilikauka upande mmoja, likabaki bichi upande mwingine, na halikuwa na ladha ya moshi. "Baba, huu moto wako ni mzuri wa kuangalia," akasema, "lakini kwa hindi ni kama kuchomwa na picha." Sikubisha. Siku ile sikuwa na haki ya kubishana na yeyote.

Jioni Musyoka alikuja. Alisimuliwa yote langoni, kwa Kikamba, na Mwikali akiigiza sauti yangu nzito. Hatukufika mbali kabla hajasimamisha pikapu kando ya njia, maana alikuwa haoni mbele kwa machozi. Nilipomwambia kwamba mambo yote yalianzia kwenye kuitwa mke wa mtu, akacheka upya, akapiga usukani.

"Mutumia? Kwetu mutumia ni mzee wa heshima! Mwanamume wa kuketi na wazee! Alikuwa anakupa kiti cha mbele, wewe ukamjibu uko na gesi!"

Kutoka hapo hadi Machakos nilihesabu mashimo ya barabara. Nimetukanwa mara nyingi maishani nikavumilia. Sijui ni kwa nini siku niliyoheshimiwa ndiyo niliyopandwa na hasira.

Machakos tulipita taa zikiwaka, na sikutaja vilima.

Mlolongo nilipanda ile ngazi yangu taratibu. Njeri alikuwa macho. Nikamwambia, "Funga begi." Aliuliza mara mbili kama ni kweli, kisha akanikumbatia kiunoni, na nikaona haya hata hapo, kwa sababu aliniambia, "Baba, najua umewaeleza vizuri."

Mke wangu aliufungua mkoba wangu na kutoa chupa ya ule mwarubaini mweusi, ambayo Mama Ndunge alinipakia kama zawadi. Akainusa. Akanitazama. Nikasimulia, maana nilishaona kwamba nikinyamaza mambo huongezeka vikombe. Alisikiliza yote bila kucheka, jambo ambalo si dalili nzuri kwake, kisha akasema tu, "Karibu na kitanda," akaingia chumbani, na nikamsikia akicheka ndani ya mto.

Agosti hiyo kambi ilikuwako. Nilikwenda mimi na mtungi wangu, na Mama Ndunge aliketi nasi mwambani kila jioni hadi mawe yalipopoa, akiyapima kwa shavu, na watoto wakajifunza kuyapima pamoja naye kabla ya kulala. Walikosa kuni za kuchokoa na viazi vya kufukia majivuni, na hilo walilisema wazi. Nyota hazikukosekana. Njeri alirudi amekauka sauti.

Mkiniuliza nilijifunza nini, nitasema ni haya machache: mawe yakaushwe, mtungi ukae mbali, na mgeni anywe chai kwanza. Na kwamba nikisifiwa kwa kitu nisicho nacho, niseme kabla ya kikombe, si baada.

Nilijaribu pia kubadilisha lugha ya dukani. Niliandika ubao mpya, kwa rangi nyekundu: HAPA TUNAUZA MITUNGI YA GESI. Haukusaidia. Watu husoma ubao wote, kisha huchungulia mlangoni na kuuliza kama zamani, "Mzee, uko na gesi?"

Na kabla sijafungua mdomo, mke wangu hunijibia kutoka juu ya ngazi:

"Alipona!"